Simu ikianguka majini, wewe usianguke nayo



Mwezi huu ukurasa wa Usalama na Afya hausemi juu ya kofia ya kazi, buti wala miwani. Unasema juu ya kitu ambacho karibu kila mmoja wetu anatembea nacho mfukoni: simu.

Wengine watauliza: msaidizi wa mganga anatafuta nini katika mambo ya simu? Kazi yake si kufunga vidonda, kupima homa na kutoa dawa? Ni kweli. Mimi si fundi wa simu, na simu iliyolowa si mgonjwa wangu. Mgonjwa wangu ni mtu aliyeishika. Simu haitoki damu, haikosi hewa, haishikwi na umeme ikaacha watoto. Lakini mwenye simu, kwa haraka ya kuiokoa, anaweza kupatwa na mambo hayo yote kabla jirani hajasikia kelele.

Maoni yangu ni haya: simu iliyoingia majini ni mashini ya umeme iliyoharibika. Na sisi watu wa mgodi tunajua sheria ya mashini ya umeme iliyoharibika. Tunakata umeme kwanza. Hatuingii mahali ambapo hewa haijapimwa. Hatuwashi tena kabla fundi hajatazama. Sheria hiyo tunaifuata vizuri mchana kazini, kisha jioni tunaiacha mlangoni pamoja na kadi ya kuingilia, tunarudi nyumbani kama watu ambao hawakufundishwa kitu. Hapo ndipo ajali inapotungojea.

HARAKA INATOKA WAPI?

Tusimcheke mtu anayepiga kelele simu yake ikizama. Ndani ya simu mna namba ya mama aliye kijijini, namba ya mwalimu wa watoto, na picha ya ndugu ambaye hatutamwona tena. Mna pia habari ya fedha, maana wengi wetu tunatuma na kupokea fedha kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Basi simu ikiingia katika ndoo, mtu anaona kama mshahara wake umezama pamoja nayo. Anapoteza akili, anaanza kukimbia huku na huku.

Lakini fikirini vizuri. Fedha hazikai ndani ya simu. Zimeandikwa kwenye kampuni ya simu, juu ya namba yako, na zimefungwa kwa namba ya siri unayoijua wewe peke yako. Simu ikifa, namba haifi. Unakwenda kwenye ofisi ya kampuni hiyo na kitambulisho chako, unaomba kadi SIM mpya yenye namba ileile, na fedha zako unazikuta.

Majina na namba za watu ni jambo jingine. Hayo yanaweza kupotea kweli. Dawa yake ni daftari la watoto la bei ndogo. Mama, andika ndani yake namba za jamaa, ya kapita wa bwana, ya dispensere, ya shule, ulitie katika sanduku la karatasi za nyumba. Mwenye daftari hilo hana sababu ya kukimbia.

USIIFUATE KILA MAHALI

Simu ikianguka katika ndoo, baseni au maji ya mvua uwanjani, itoe upesi. Kila dakika ndani ya maji inaongeza hasara. Lakini tazama kwanza: je, imeungwa na waya wa sharjere? Kama imeungwa, usitie mkono majini hata kidogo. Kata umeme wa nyumba penye disijonkta, ndipo uitoe.

Ikianguka katika choo cha shimo, katika kisima, katika tangi au katika shimo lolote la chini, simama. Hapo ndipo watu wanapokufa, nao wamekwisha kufa hivyo katika nchi mbalimbali za Afrika na kwingine, kwa ajili ya simu.

Uchafu unaooza ndani ya choo unatoa gesi. Mojawapo ni ile ambayo watu wa kemia wanaiandika H2S, yenye harufu ya mayai yaliyooza. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala chini. Ikiwa kidogo, pua inaisikia. Ikizidi, pua inakufa ganzi: mtu anadhani hewa imesafika, kumbe sumu ndiyo imeongezeka. Pumzi chache zinaweza kumwangusha mtu mwenye nguvu zake zote. Tena chini mle hewa nzuri yenyewe ni haba.

Baada ya ajali ya kwanza inakuja ya pili. Ndugu anaona mwenzake amelala chini, anaruka kumwokoa, naye anaanguka. Wa tatu anafuata. Mwaka 1986 ofisi ya Marekani inayochunguza usalama wa kazi, NIOSH, iliandika kwamba katika vifo vya mashimo na matangi yaliyofungwa, zaidi ya 60 kwa 100 walikuwa watu waliokwenda kuokoa wengine. Soma tena hesabu hiyo. Waliokufa wengi walikuwa wenye moyo mwema.

Kazini hatuingii ndani ya tangi bila hati ya ruhusa, bila hewa kupimwa, bila mtu kusimama nje na kamba. Kapita akikuambia uingie hivihivi, unakataa, na una haki ya kukataa. Basi kwa nini nyumbani baba akubali kumfunga kamba kijana mwembamba na kumshusha chooni kwa sababu yeye peke yake anapita katika mdomo wa shimo? Nasema bila kuficha: huko ni kumtuma mtoto kaburini kwa ajili ya kitu kinachouzwa sokoni.

Chukua mti mrefu, funga mwishoni ndoano ya waya au kikapu kidogo, jaribu ukiwa juu, umesimama imara. Ikikataa, iache. Na mtu akiwa amekwisha kuanguka ndani, usimfuate. Ita watu, ita timu ya uokoaji yenye vyombo vya kupumulia, mshushie kamba kama bado anaweza kushika.

Simu iliyotoka chooni inatoka na vijidudu. Kipindupindu tunakijua katika Haut-Katanga na Lualaba, hatuhitaji kuhadithiwa. Vaa glavu au funika mkono kwa mfuko wa plastiki, pangusa simu kwa kitambaa chenye alkoli, tupa kitambaa, osha mikono kwa maji na sabuni. Usiiweke juu ya meza ya chakula, na usimpe mtoto aishike.

Kazini mambo ni magumu zaidi. Simu ikianguka katika dimbwi la chini ya shimo la wazi, penye pampu, au katika tangi ambamo madini yanayeyushwa kwa asidi ya sulfuriki, usiinamie. Mwambie kapita. Ukirukiwa na asidi, vua nguo iliyolowa, jimwagie maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20 bila kupunguza, hata jicho vilevile, ndipo uje dispensere. Usianze na mafuta wala dawa nyingine. Maji kwanza.

MAJI YANAFANYA NINI NDANI YA SIMU?

Jambo hili sisi wa nchi ya shaba tungelielewa kabla ya watu wengine wote.

Maji safi kabisa hayapitishi umeme vizuri. Lakini maji yetu ya bomba, ya kisima, ya sabuni, na ya mvua iliyopita juu ya udongo yana chumvi na madini, nayo yanapitisha. Na ndani ya simu mna njia nyingi za shaba, nyembamba kama unywele, zimelala karibu-karibu.

Sasa kumbukeni jumba la elektrolizi, kama lile la Shituru katika Likasi lililoanza kazi mwaka 1929, au lile la Luilu katika Kolwezi lililoanza mwaka 1960. Umeme unapita ndani ya maji yenye asidi, na shaba iliyomo majini inakwenda kujishika kwenye bamba. Jambo la namna hiyo linafanyika ndani ya simu iliyolowa ikiwa inaendelea kuwaka. Shaba ya njia moja inaliwa na maji, inahama, inaota upande wa pili kama vimizizi, mpaka njia mbili zinagusana. Kule kiwandani kazi hiyo inatupa mkate. Ndani ya simu inaleta kifo chake.

Jumba la elektrolizi likikosa umeme, shaba haihami. Simu nayo ikizimwa mara moja, kuliwa kunapungua sana. Hakuishi kabisa, kwa maana maji na hewa vinaleta kutu hata bila umeme, na katika simu nyingi za siku hizi batri inabaki imefungwa ndani. Lakini umepata muda. Ndiyo sababu dakika ya kwanza ina thamani kuliko siku tatu zinazofuata.

FANYA HIVI

1. Zima simu papo hapo. Usitazame kama inapiga, usijaribu muziki, usimpigie mtu kumwambia kwamba imeanguka majini. Kama kioo hakisikii kidole, usibonyeze-bonyeze kila kitufe. Iache hivyo, uende haraka kwa fundi.

2. Kama ni simu ndogo ya vitufe, fungua mgongo wake, toa batri. Kama ni simu kubwa iliyofungwa, usiipasue kwa kisu cha jikoni: kisu kikitoboa batri, moto unaweza kutoka mkononi mwako.

3. Vua mfuko wake wa plastiki, toa kadi SIM na kadi ya picha, vipanguse, viweke mbali.

4. Panguse simu kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Elekeza tundu la sharjere chini, igonge polepole kwenye kiganja ili maji yatoke. Usiitikise kwa nguvu na usipulize ndani kwa mdomo, maana unayasukuma maji mbele zaidi.

5. Iweke mahali pakavu penye upepo mdogo, kivulini, imesimama, tundu likitazama chini. Maji safi yaliyoingia kidogo tu: ngoja saa 24 mpaka 48. Wakati wa mvua, hewa ya nyumba ikiwa na unyevu, ongeza siku.

6. Kama ilianguka katika maji ya sabuni, bia, supu, maji ya chumvi, tope au choo, usingoje ikauke. Chumvi na sukari hubaki ndani baada ya maji kwenda. Ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo, ikiwa imezimwa, umweleze ukweli: ilianguka katika nini. Fundi mzuri ataifungua, atatenganisha batri, atasafisha kwa alkoli ya mafundi, kisha ataikausha. Mgonjwa anayeficha alichokunywa anamchelewesha mganga. Na mwenye simu ni vilevile.

MCHELE NA MBABULA

Najua nitapata maadui katika sehemu hii. Kila nyumba ina mtu anayesema: «Itie ndani ya mchele.» Tena anao ushahidi: shemeji yake alitia, ikapona.

Nami nauliza: shemeji angeiacha juu ya meza siku mbili, isingepona? Mtu mwenye mafua anakunywa majani fulani, na baada ya juma moja anapona. Asiyekunywa naye anapona baada ya juma moja. Kilichomponya ni siku. Mchele hauvuti maji kutoka ndani ya simu iliyofungwa. Hewa inayotembea inayachukua vizuri zaidi. Tena mchele una unga na vipande vidogo vinavyoingia katika tundu. Mwaka 2024 kampuni Apple, inayotengeneza iPhone, iliwaambia wateja wake wazi wasitie simu ndani ya mfuko wa mchele, kwa sababu vipande hivyo vinaweza kuiharibu. Iliwaambia pia wasitumie joto wala hewa ya kusukumwa kwa nguvu.

Mimi ninaongeza neno la afya. Mchele uliolaza simu ya mfukoni, iliyoshikwa na mikono ya kila mtu na kulowa maji tusiyoyajua, hatimaye unaenda wapi? Mama anauona ni vizuri bado, anaurudisha sufuriani. Mchele ni ghali, nafahamu. Basi usiutoe kwa kazi ambayo hauiwezi.

Mbabula ni mbaya kuliko mchele. Kuna wanaoweka simu karibu na makala, wengine juu ya mabati ya paa wakati wa jua kali, wengine ndani ya tanuri. Kampuni hiyohiyo ya Apple inaomba simu zake zisiwekwe mahali panapozidi joto la digri 45. Karibu na mbabula unapita hesabu hiyo upesi sana. Joto linayeyusha gundi, linaharibu kioo, na linaiamsha batri vibaya. Na anayefunga mlango na kuacha mbabula ndani usiku ili simu ikauke, analeta ndani ya nyumba gesi ya makala, isiyo na harufu, inayowaua watu wakiwa usingizini. Wamelala kungoja simu ipone, wao wenyewe hawaamki.

SHARJERE: HATARI ILIYO KARIBU ZAIDI

Kosa linalofanyika zaidi ni hili: mtu anatoa simu majini, anaipangusa kwa shati, anaona imezimika, anasema «batri imekwisha», anaiunga na sharjere.

Ukutani kwetu umeme ni volti 220. Sharjere nzuri inazipunguza mpaka volti 5 hivi au zaidi kidogo, na inatenganisha kabisa upande wa ukuta na upande wa mkono wako. Lakini sokoni mna sharjere za bei ndogo sana ambazo ndani yake utenganisho huo ni wa mashaka. Ongeza mikono iliyolowa, miguu peku juu ya sementi yenye maji, na waya uliochunika: umeme unapata njia, na njia ni mwili wako. Ulaya kuna vijana waliokufa ndani ya bafu kwa sababu ya simu iliyoungwa na umeme. Walikuwa na nyumba nzuri na mafundi wa kutosha, lakini maji na umeme havijui tajiri wala maskini.

Basi: simu iliyolowa haiungwi na sharjere mpaka ikauke kabisa. Iwashe kwanza kwa batri yake yenyewe. Ikiwaka, ikae saa moja mbele ya macho yako bila kupata joto. Halafu iunge mchana, juu ya sementi au sahani ya udongo, mbali na kitanda, godoro na pazia, mtu akiwa karibu. Usiku usiiunge, na usiilaze chini ya mto hata kidogo.

Mtu akishikwa na umeme, usimguse. Kata umeme penye disijonkta. Kama huwezi, simama pakavu, sukuma waya kwa mti mkavu. Akiwa hajibu na hapumui, mlaze chali mahali pagumu, weka viganja katikati ya kifua, sukuma kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, huku mwingine akikimbia kuita gari la wagonjwa. Usiache mpaka msaada ufike. Na akiinuka mwenyewe akicheka, mlete dispensere vilevile. Umeme unaweza kuusumbua moyo hata baada ya mtu kusema «mimi mzima».

BATRI INAYOVIMBA

Simu ikipona, kazi haijaisha. Itazameni kwa juma moja au mawili. Maji yanaweza kuharibu batri polepole. Dalili ni hizi: mgongo wa simu unainuka, kioo kinaachana na mwili, simu inapata joto bila kutumiwa, kuna harufu kama ya dawa ya kucha, au sauti ya kupuliza.

Ukiona dalili moja, zima, ondoa sharjere, iweke nje juu ya sementi au mchanga, mbali na watoto. Usiitoboe ili «upepo utoke»: upepo huo ni gesi inayowaka na yenye sumu. Usiitupe katika moto wala katika shimo la takataka ambamo watoto wanachezea. Fundi ndiye wa kuitoa.

Ikiwaka moto, toa watu kwanza, hasa watoto, maana moshi wake unaunguza mapafu. Ikiwa imeungwa na ukuta, kata umeme. Kisha imwagie maji mengi ukiwa mbali, mpaka ipoe kabisa. Mchanga unazuia moto usienee, lakini haupozi batri. Inaweza kuwaka mara ya pili. Aliyevuta moshi aje kwetu siku hiyohiyo hata kama anakohoa kidogo tu.

Tusisahau kwamba ndani ya batri hiyo mna kobalti. Kwa miaka mingi sasa nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa inatoka chini ya miguu yetu hapa Lualaba na Haut-Katanga. Jiwe tulilolitoa kwa jasho linasafiri mpaka Asia, linarudi mfukoni mwetu likiwa batri. Kazini tunalishika kwa glavu na kwa akili. Likirudi nyumbani, linaomba heshima ileile.

KINGA NI RAHISI KULIKO DAWA

Kwenye sanduku la simu nyingine utaona maneno IP68. Muuzaji atakuambia: «Hii haiogopi maji.» Usimsadiki nusu-nusu, msikilize vizuri. Namba ya 6 inasema vumbi haliingii. Namba ya 8 inasema simu mpya iliwekwa majini kwa kina na muda uliochaguliwa na mtengenezaji wake. Simu iliyoanguka mara tano, iliyokaa miaka mitatu kwenye joto la kazi, au iliyofunguliwa na fundi, si ile iliyopimwa. Ifanyeni kama simu inayoogopa maji, na mtakuwa na amani.

Mama, kabla ya kulowesha nguo za kazi za bwana, pekua mifuko yote, hata ile ya mguuni. Baba, usimngoje mama apekue: toa simu mwenyewe. Ukienda chooni, iache nyumbani, au itie katika mfuko wenye kifungo; mfuko wa nyuma wa suruali ni mlango ulio wazi. Usichote maji kisimani simu ikiwa kifuani. Wakati wa mvua, ukingojea basi la kazi, mfuko mdogo wa plastiki uliofungwa vizuri unatosha. Na watoto wafundishwe mapema: simu ikianguka majini, wamwite mkubwa, wasiunge kitu na ukuta. Tena mtoto asiogope kupigwa. Mtoto anayeogopa fimbo ataificha simu, ataiunga na sharjere kwa siri, peke yake, kwa mikono iliyolowa. Afadhali aje alie mbele yako.

Ndugu wasomaji, najua wengine watasema ukurasa huu umekuza jambo dogo. Kwa simu, ndiyo, ni jambo dogo. Ikifa, tutasikitika juma moja, tutaazima ya jirani, tutanunua nyingine kwa polepole. Naomba tu kwamba mwenye kusikitika awepo.

Kateni ukurasa huu, muubandike karibu na prizi ya nyumba yenu, wasomeeni wasiojua kusoma. Na mwenye shaka apite dispensere, hata bila kidonda. Tutazungumza.